Joka Nimelikubali, Upepo Nimeukataa

Mwezi wa Februari nilikuwa Marekani, katika mji wa Minneapolis, jimbo la Minnesota, kumzuru mwana wa marehemu ndugu yangu. Huko maziwa huganda hata watu wakapitisha magari juu yake, na mtu akitoka nje kwenda kutupa taka huvaa kama aendaye vitani. Kwa hivyo jioni kazi ya watu ni kuketi ndani. Na ni huko ndani, Jumamosi ya kwanza baada ya kufika kwangu, nilipouona mchezo ulionikosesha usingizi kwa jambo nililodhani nalijua tangu ujana wangu wa kutunga mashairi, nalo ni hili: kwa nini msikilizaji huusadiki uongo huu na kuukataa ule?

Tulikwisha sali Isha wageni wakaanza kubisha hodi. Walikuwa wanne. Mzee wa Kimarekani mwenye mvi, mpiga chapa aliyestaafu. Mama wa Kiliberia, muuguzi wa zamu za usiku. Kijana wa Kisomali anayesoma chuo kikuu. Na mwalimu mmoja wa kike wa shule ya msingi. Wakakaa kuizunguka meza ya kulia, wakatoa penseli, karatasi, na dadu.

"Ami, karibu ukae nasi," akaniambia mwanangu, kwani ndivyo nimwitavyo. "Si kamari. Hapana pesa hapa."

Aliyatanguliza hayo kwa kuwa aliniona nikizitazama zile dadu. Zilikuwa nyingi, za rangi rangi. Nyingine zina pande nne, nyingine nane, nyingine kumi na mbili, na iliyo kubwa wao ina pande ishirini. Sisi tuliosoma chuoni chini ya fimbo ya mwalimu, dadu ni neno la kutusimamisha nywele. Tumesikia yaliyosemwa juu yake, na wako wanavyuoni wasioiridhia hata kama hapana senti iliyowekwa mezani. Mas'ala hayo nawaachia wenyewe. Mimi nilikaa, lakini dadu sikuzigusa. Ikifika zamu yangu alinirushia yule mama muuguzi aliyekuwa kuliani pangu.

Mchezo wenyewe waitwa Dungeons & Dragons. Hauna ubao kama wa dama wala mashimo kama ya bao, na hauna mshindi. Mmoja huwa msimulizi, naye usiku ule alikuwa mwanangu. Kila aliyebaki ni mtu mmoja katika hadithi: huyu askari, yule mchawi, yule mwizi hodari wa kufungua makufuli. Msimulizi hueleza: mko mlangoni mwa pango, ndani mwanuka moshi, mwafanya nini? Nao hujibu. Wanalotaka kulifanya likiwa na shaka, dadu ya pande ishirini hurushwa, na hesabu ikaamua. Ni hadithi basi, lakini ni hadithi ambayo "paukwa" ni ya mmoja na "pakawa" ni ya wote, na hapana hata mmoja wao, msimulizi mwenyewe akiwemo, ajuaye mwisho wake.

Kumbe nilikuwa nimefikia kitovuni mwa mchezo huo bila ya kujua. Mwaka 1969, katika miji hii miwili pacha ya Minneapolis na Saint Paul, kijana mmoja kwa jina David Wesely aliwaalika rafiki zake kucheza vita vya zama za Napoleon, na badala ya kuwapa majeshi akampa kila mmoja mtu wake katika mji mdogo wa kubuni wa Ujerumani. Rafiki yake, Dave Arneson, akauchukua mtindo huo na kuupeleka mwaka 1971 katika nchi ya mazimwi na mahandaki. Kisha Gary Gygax, wa Lake Geneva katika jimbo jirani la Wisconsin, mtu aliyefanya kazi ya bima kisha ikambidi ashone viatu ili ale, akashirikiana na Arneson kuziandika kanuni. Mnamo Januari 1974 vijitabu vitatu vikatoka ndani ya boksi moja, nakala 1,000 tu. Leo Gygax na Arneson wote wawili wamekwisha fariki, na mchezo wao umeenea dunia nzima.

Turudi mezani. Tuliingia pangoni tukakuta joka limelala juu ya mali. Likaamka, likanena. Likatutaka ushuru wa kupita. Nami, mtu mzima mwenye wajukuu, nikajikuta nabishana nalo bei kama niko Marikiti siku ya mkesha wa Idi! Wala sikujiuliza hata mara moja: nyoka huyu mwenye mabawa, mkubwa kama msikiti, apumuaje moto asiungue koo?

Tulipokwisha elewana na joka tukapanda jahazi ili turudi mjini kwetu. Mwanangu akasimulia: "Upepo wavuma kutoka kusini, mkali. Mji wenu uko kusini. Tanga limejaa, chombo chakata maji moja kwa moja, na kabla ya jua kutua mwaiona bandari."

"Haiwi," nikasema.

Wote wakanitazama.

"Haiwi. Huo ni upepo wa omo. Tanga halijai kwa upepo wa omo, litapigapiga tu. Yataka mbishe, mwende joshi huku kisha mgeuze mwende huku, na kwa kusi ya namna hiyo mtapiga bisha siku tatu, siku nne, au mrudi mlikotoka mkangoje."

Mwanangu hakucheka, wala hakukasirika. Aliziinamia karatasi zake. "Ni kweli, ami," akasema. "Lakini leo acha tufike."

Tukafika.

Yule mzee mpiga chapa alicheka hata akatoa miwani akafuta macho. Yeye aucheza mchezo huu tangu 1977. Akaniambia kwamba nimekaa mezani saa mbili tu na tayari nimeufufua ugomvi wenye umri wa miaka hamsini.

Ugomvi wenyewe ni huu. Katika mchezo kila mtu ana hesabu ya uhai wake. Sisi tuiite pumzi. Askari anayeanza ana pumzi nane, kwa mfano. Shujaa aliyekwisha pata sifa ana themanini. Upanga ukimpata, hesabu hupungua. Ikifika sifuri, huanguka. Fikra hiyo Arneson aliitoa katika michezo ya vita vya manowari za chuma, na kwa hakika manowari yaifaa sana, maana hutobolewa hapa na pale na bado ikaelea. Lakini mtu si manowari. Kwa mujibu wa kanuni za zamani, aangukaye futi 10 hurushiwa dadu moja ya pande sita. Akianguka futi 100 hurushiwa dadu kumi, ambazo zikifanya ubaya wake wote hazipiti sitini. Basi yule shujaa wa pumzi themanini aweza kujitupa kutoka jabali refu kuliko minara yetu mingi, akainuka, akajipangusa mchanga, akaenda zake. Na la kustaajabisha zaidi, yeye mwenyewe ajua hayo kabla hajaruka!

Hapo ndipo watu walipopiga kelele. Mwaka 1977 Ed Simbalist na Wilf Backhaus wa Kanada walitoa mchezo uitwao Chivalry & Sorcery, uliotaka kuiga ukabaila wa Ufaransa ya karne ya 12, watu kwa daraja zao, na kitabu chake kikajaa kanuni zilizochapwa kwa herufi ndogo za kumuumiza mtu macho. Mwaka uliofuata ikaja RuneQuest. Mmoja wa waandishi wake, Steve Perrin, alikuwa katika jumuiya ya watu wa California ambao huvaa deraya na kupigana kwa fimbo kama mashujaa wa kale. Aliyekwisha onja fimbo ya goti hawezi kuandika kwamba goti si kitu; basi katika mchezo wake kila kiungo kikapewa pumzi zake mbali, na aliyekatwa mguu huanguka hata kama moyo wake mzima. Kutoka mwaka 1980 wakaja na wengine, walioandika jedwali baada ya jedwali za namna upanga ukatavyo na namna rungu livunjavyo.

Kwa rai yangu hao wa majedwali waliliona donda, dawa wakaikosea. Mapigano ya dakika moja yakawa hesabu ya usiku mzima, na mtu aliyekuja kusikiliza hadithi akajiona karani wa forodha. Gygax aliwajibu katika kitabu alichowaandikia wasimulizi mwaka 1979, na hakuuma maneno: hizo pumzi si nyama na damu peke yake, ndani yake mna ustadi, mna bahati, mna himaya ya ghaibu, na fauka ya hayo, huu ni mchezo, haukuwekwa uwe kioo cha dunia. Ni jibu la mtu mwerevu, lakini jabali halikulijibu.

Na ugomvi huo una babu yake. Mwaka 1824 ofisa wa Kiprusi, von Reisswitz, alitoa mchezo wa vita wa kuwafunza maofisa, wenye dadu na majedwali na mwamuzi wa kati. Maofisa wakachoshwa na majedwali. Mwaka 1876 mwenzao mmoja, Verdy du Vernois, akashauri yaachwe, aamue mwamuzi aliyeyaona mapigano kwa macho yake. Nami nikikumbuka nilivyosema "haiwi" pale mezani naona nilifanya lilo hilo. Sikuwa na kitabu mkononi. Nilikuwa nimeiona bahari.

Sasa nitawaambia habari ya yule mama muuguzi. Kanuni za toleo la mwaka 2014 zasema kwamba mtu aliyejeruhiwa hadi karibu ya kufa, akipata usiku mmoja wa kupumzika, saa nane, huamka na pumzi zake zote kamili. Nikamgeukia. "Mama," nikamwambia, "wewe waosha madonda kila usiku. Hili walikubalije?"

Akanijibu kwa upole kwamba madonda ya kweli hulipwa mshahara kuyatazama, na Jumamosi ataka watu wapone. Lakini mwalimu akadakia, akanieleza kwamba mama huyo aliwahi kuukatisha mchezo kwa jambo jingine. Mwenzao mmoja katika hadithi aliuawa njiani, wakamvua viatu, wakachukua upanga wake, wakaendelea na safari wakizungumza. Mama akaweka penseli chini. Akasema hachezi mpaka maiti azikwe. Wakabisha, wakasema ni mtu wa karatasi tu. Hakuinua penseli. Ikawabidi warudi nyuma, wachimbe kaburi, na kila mmoja aseme neno moja juu ya marehemu. Na huyo mpiga chapa, aliyekuwa akibisha kuliko wote, sauti ilimkwama.

Wageni walipokwenda zao nilimfuata mwanangu jikoni, akiosha vikombe. Nilitaka kumwomba radhi kwa kumkata maneno mbele ya watu. Hakuningoja niseme.

"Ami," akasema na mgongo amenipa, "wewe wajua babangu alikuwa atoka wapi."

Nilijua. Ilikuwa Julai mwaka 2003. Ndugu yangu alikuwa nahodha, akitoka Lamu kurudi Mombasa na jahazi la boriti, na kusi imechacha. Wenziwe walingoja Lamu. Yeye alikuwa amemuahidi mtoto wa miaka minane kwamba Ijumaa atakuwa nyumbani. Kilichopatikana ni mbao mbili na pipa la maji, ufuoni, kaskazini ya Malindi. Mtoto huyo nilimshika mkono mimi, Ijumaa tatu mfululizo, tukaketi Bandari ya Kale tukitazama mlango wa bahari, nami nikimpigia hadithi ili asiniulize.

"Miaka kumi na zaidi nasimulia mchezo huu," akasema. "Watu wangu huuawa na majoka, huuawa na wezi, huuawa kwa sumu. Chombo hakijapata kutoshika bandari. Sikuwaambia kwa nini. Wala hapana aliyeona, maana hawa hawajui omo wala tezi. Wewe peke yako ndiwe uliyejua."

Sikuwa na la kujibu. Nilichukua kitambaa nikafuta vikombe.

Usiku ule sikulala. Nilijilaumu kwanza, nilijiona kama mtu aliyekwenda nyumba ya watu akalichomoa kumbi lililoziba tundu, ili aonyeshe kwamba ajua tundu liko wapi. Kisha mawazo yakanipeleka kwa Liongo. Mwaijua hadithi yake. Chuma hakimwingii, silaha ya kumuua ni sindano ya shaba, nayo ni kitovuni tu. Hapana bibi wala mjukuu, kutoka Pate hadi Vanga, aliyewahi kuuliza ngozi ya namna gani hiyo. Lakini akiisha kuchomwa huenda kisimani, akapiga goti na uta mkononi, akafa hali kadhalika. Na watu wa mji wakimwona hudhani yu hai, wakaogopa kuteka maji, mji mzima ukashikwa na kiu, hata mamake akaja kumsihi. Hapo ndipo hadithi inapotushika. Lau mtambaji angetuambia kwamba watu wa mji ule hawakuwa na haja ya maji, tungemwambia anyamaze tukalale. Ngozi isiyoingia chuma twampa bure, kiu hatumpi.

Profesa Tolkien, yule Mwingereza aliyeandika habari za pete na majoka, alipata kuhutubia Scotland mwaka 1939 juu ya hadithi za namna hii. Alisema, kwa maana, kwamba kulitaja jua la kijani si kazi, kila mtu aweza. Kazi ni kuujenga ulimwengu ambamo jua hilo litasadikika. Na huko huko Minneapolis aliishi mtu aliyejaribu kuujenga ulimwengu kama huo kwa lugha, jambo ambalo mimi kama mshairi limenigusa. Ni Muhammad Abd-al-Rahman Barker, Mmarekani aliyesilimu ujanani, profesa wa Kiurdu katika Chuo Kikuu cha Minnesota, ambaye mwaka 1975 alitoa mchezo wa nchi aliyoiita Tékumel. Nchi hiyo aliipa lugha zake, sarufi zake, na hati zake za kuandikia. Mtu akilisikia jina la mji wake husadiki kwamba pana watu walilolitamka miaka elfu kabla yake. Haki yake tumpe, na aibu yake tusiifiche: mwaka 2022, miaka kumi baada ya kufa kwake, wasimamizi wa kazi zake walithibitisha kwamba aliandika kwa jina la bandia riwaya ya kuwatukuza Manazi. Mtu aweza kuwa fundi wa lugha na moyo wake ukawa na kutu.

Na mbona nimenyamaza juu ya majini? Mchezo huu unao tangu 1974, majini na maifriti. Jalada la kile kitabu cha 1979 lina ifriti mkubwa mwekundu, na nyuma yake Mji wa Shaba, uliotoka katika Alfu Lela u Lela. Wao wameandika kwamba jini asili yake ni hewa na ifriti ni moto. Kwa Mmarekani hao ni ndugu wa joka, wote ni wa kubuni, awagawe apendavyo. Sisi twajua kwa Qurani kwamba majini wameumbwa kwa moto, na aliyewaumba si Gygax! Nilimwuliza mwanangu afanyaje. "Majini siwatii mezani, ami," akasema. "Hao si hadithi." Yule kijana wa Kisomali naye, nilivyoambiwa, siku moja kabla ya kuja kwangu alitajiwa jini na msimulizi mwingine, akafunga kitabu akaenda kutia udhu.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuliona jambo hili. Aketiye mezani haombi dunia ya mchezo ifanane na dunia yetu katika kila kitu. Aomba kitu kimoja au viwili viwe na uzito, na vitu hivyo si sawa kwa kila mtu. Mama muuguzi aliliondolea uzito donda akautia kwenye kaburi. Mwanangu aliiondolea uzito bahari, kwa kuwa uzito wake wa kweli alikwisha ubeba utotoni. Lakini bahari isiyo na uzito yeye mwenyewe hakuisadiki. Nilimwona alivyoinamia zile karatasi alipokuwa akisema tanga limejaa.

Jumamosi ya pili niliazimia kufunga mdomo. Haikuwa. "Leo," akasema mwanangu, "nahodha ni ami."

Tulikuwa baharini tena. Mbele yetu pana mlima mweusi umetoka majini, na tulipoukaribia misumari ikaanza kulia ndani ya mbao, panga zikavutwa alani. Mara nikaujua. Ni Mlima wa Sumaku wa Alfu Lela u Lela, ung'oao misumari vyomboni hata mbao zikaachana. Na nikajua na alikoutoa: ni mimi niliyempigia hadithi hiyo, Ijumaa ya pili, Bandari ya Kale.

Mchawi wetu akataka kufanya uchawi wake. Mpiga chapa akataka kugeuza. Wakaniangalia mimi.

"Tugeuze," nikasema, "lakini tutarudi. Tutakwenda kisiwa cha nyuma tutafute mtepe."

Ikanibidi niwaeleze mtepe ni nini. Nikawaambia kwamba katika visiwa vya Lamu wazee wetu walikuwa na chombo kisicho na msumari hata mmoja, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi na kukazwa kwa vijiti, tanga lake ni mkeka wa miyaa. Kwamba hakiundwi tena, lakini mfano wake mdogo nimeuona kwa macho yangu katika makumbusho ya Lamu. Na wako watu wa zamani waliosema kwamba vyombo vilishonwa hivyo kwa sababu hiyo hiyo, ya kuogopa milima ya sumaku. Chombo cha kamba, sumaku itakivuta kwa nini?

Mpiga chapa akagonga meza kwa furaha. Mwanangu akanitazama kitambo. Kisha akauliza, kama aulizavyo mnunuzi mjuzi: "Na aibu yake, ami? Chombo hicho chema hivyo, mbona watu wamekiacha?"

Nikamwambia ukweli. Mtepe huvuja. Mshono hulegea, maji huingia usiku na mchana, na pasipokuwa na mtu ngamani wa kufua maji, huzama taratibu na watu wake wakiutazama. Fauka ya hayo, tanga lake la mkeka ni la pembe nne, halipendi kubisha.

Akaandika yote. Zile dhahabu tulizozipata kwa joka tukazitoa kuununua mtepe, na jahazi la misumari tukaliacha mchangani. Tulipokuwa tayari kutweka, mwanangu akanyamaza. Alikuwa ameshika penseli haandiki.

"Upepo ni wa omo," akasema.

Mwalimu akauliza tufanyeje. Wote walikwisha jua ni nani wa kuulizwa.

"Twangoja," nikasema.

"Siku ngapi, ami?"

"Mpaka upungue. Hapana aujuaye."

Basi tukangoja. Wallahi sijapata kuona watu wazima wanne wakikaa saa nzima ya usiku wa baridi wakingoja upepo ambao haupo. Mama muuguzi aliwatibu watu wa kisiwa. Mpiga chapa alikaza mishono, kijana wa Kisomali akakausha samaki wa njiani, mwalimu akagombana na mwenye kisima. Kila kulipokucha dadu ilirushwa, na kila ilipoanguka vibaya palikuwa na mguno mezani, na palikuwa na mmoja aliyesema twende tu, potelea mbali, mji u karibu. Mwanangu hakumjibu. Aliniangalia mimi nami nikatikisa kichwa. Siku ya sita upepo ukapungua.

Mlima tuliupita alfajiri. Haukutuvuta, visu tulikwisha vitupa baharini. Lakini maji yalikuwa magotini, na tulifua kwa zamu, kila saa dadu moja, na mara mbili ilianguka pabaya hata nikadhani tumekwisha. Yule mama alikuwa akirusha na huku akisoma dua zake za Kikristo, nami naleta zangu kimoyomoyo, nikijistahi.

Tukaingia bandarini usiku wa manane. Mwanangu aliifunga karatasi yenye hesabu zake akaiweka kando. Akatueleza taa zilivyo, na harufu ya mji, na namna mawe ya gati yalivyokuwa na umande. Kisha akasema kwamba juu ya gogo pale gatini amekaa mtoto, amejikunyata, amesinzia.

Mama muuguzi akaninyoshea dadu ya pande ishirini, akaniuliza nataka kufanya nini, ili anirushie.

Nikamwambia airudishe. Nikamwuliza mwanangu yule mtoto ana kanzu, au hana nguo ya baridi.